Nondo za Juu

Mama yake Rula aliamka akiwa ameketi. Ndivyo alivyokuwa akilala tangu wahamishiwe kwenye ghala: mgongo ukutani, mito miwili kiunoni, kwa sababu akijilaza tu kifua kinaziba na pumzi inaanza kupiga filimbi. Sakafu ilikuwa ya saruji tupu, yenye kutoa majimaji kila mvua inaponyesha, na kabla ghala halijageuzwa makazi ya watu palikuwa pakihifadhiwa mbolea humo. Mbolea iliondoka, harufu ikabaki. Familia zilitenganishwa kwa mashuka yaliyotundikwa kwenye kamba, na shuka halizuii kitu ila macho, tena macho yenyewe ya mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jirani amekoroma mpaka kumekucha," mama alisema, akashika kifua, akakohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Mume wa mwenzangu, lakini mkoromo wake naujua kuliko mkewe. Leo mnamwaga wapi?"

Kila mtu ghalani alikuwa akiuliza hivyo siku hizi. Hata wazee ambao hawajawahi kushika mwiko walijua lugha ya zege. Nyumba zao zilibomolewa ili maghorofa yajengwe pale pale, na waliahidiwa kwamba aliyebomolewa atarudi, apewe nyumba ghorofani. Wengine walikuwa wameshaacha kuamini. Lakini Rula, binti wa jirani yao, alifanya kazi ofisini kwa Mhandisi aliyelisanifu jengo lenyewe, kwa hiyo walimwamini yeye.

"Tunamwaga roshani za upande wetu," Rula alisema.

Mama akatabasamu. Daktari wa zahanati alimwambia dawa yake kubwa ni hewa safi, akae nje. Nje ya ghala palikuwa na barabara ya malori na vumbi lake. Roshani ya ghorofa ya nne waliyoahidiwa lilikuwa jambo jingine kabisa. Mama alishachagua na kiti atakachokiweka.

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti. Mafundi ndio waliombandika hilo la Rula, maana alikuwa hapiti mahali bila kupima, na jina likamfuata mpaka ghalani, mama yake mwenyewe akalizoea. Alisomea uhandisi wa majengo akamaliza. Lakini kumaliza ni jambo moja, kuwa na muhuri ni jambo lingine. Muhuri hupewi mpaka ufanye kazi chini ya mwenye muhuri, naye aseme kwamba sasa umeiva, na Mhandisi wake alikuwa mgumu sana wa kuona mwenzake ameiva. Miaka ilikuwa ikikatika. Yeye alipiga hesabu, Mhandisi akapiga sahihi.

Uzito wa jengo lile aliufuata kama mtu anayefuata maji yaliyomwagika: kutoka sakafuni kwenda kwenye boriti, kutoka kwenye boriti kwenda kwenye nguzo, kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye msingi na udongo wenyewe. Kisha akachora nondo, vile vyuma vinavyofichwa ndani ya zege, moja moja, hii inyooke wapi, ile ikunjwe wapi, hizi mbili zipishane kiasi gani. Hakuna nondo iliyofika mikononi mwa fundi kabla haijapita kichwani mwake.

Wala msidhani Mhandisi alikuwa mbumbumbu aliyebebwa na binti. Alijua kazi, na alijua kuifundisha. Siku Rula alipoanza, alimsimamisha katikati ya ofisi. "Nyoosha mkono mbele, ubebe ndoo ya maji. Panauma wapi?"

"Juu ya bega."

"Basi na roshani inauma hapo hapo. Imeshikwa upande mmoja tu, upande wa ukutani, huku mbele inaning'inia. Watu wakisimama, sehemu ya juu inavutwa. Na zege, binti yangu, ni hodari wa kubanwa, lakini ukilivuta linakatika kama biskuti. Nondo ndizo zinazokubali kuvutwa. Kwa hiyo ziwe juu. Zikiwa chini ni sawa na kuzizika."

Alisema binti yangu, na Rula aliipenda ile.

*

Alipofika kwenye ujenzi, kazi ilikuwa imeshaanza bila kumsubiri. Mashine ya kuchanganyia ilikuwa inanguruma, na matoroli ya zege yalikuwa yakipanda na kushuka kwenye njia ya mbao. Alipanda mbio mpaka ghorofa ya nne. Pale kwenye roshani nondo zilikuwa zimelazwa kama alivyochora, safi, zimefungwa kwa waya, ila chini yake hapakuwa na kitu. Viti havikuwepo.

Viti ni vipande vya nondo vinavyokunjwa kama miguu ya stuli. Havibebi jengo. Ukitafuta kwenye hesabu huvioni. Kazi yao ni moja: kuzishikilia nondo za juu zikae juu mpaka zege ligande. Bila viti, fundi akikanyaga, nondo zinashuka, na toroli likipita zinashuka zaidi. Mafundi walikuwa wanakanyaga. Toroli lilikuwa linapita. Rula aliona nondo zake zikizama kwenye zege bichi.

"Simamisheni," alisema. "Acheni kumwaga."

Mafundi wakamtazama, kisha wakamtazama Mkandarasi. Yeye alikuwa amesimama kivulini na chupa ya soda mkononi, mtu mnene mwenye maneno laini, ambaye huwezi kumshika uongo kwa sababu hamalizi sentensi.

"Dada Rula. Habari za nyumbani. Mama anaendeleaje na kile kifua?"

"Viti viko wapi?"

"Viti gani tena, dada, watu wako kazini, wewe unataka waketi?" Mafundi wawili watatu wakacheka. "Tutazivuta juu kwa kulabu. Tumefanya hivyo majengo mangapi, yamesimama."

"Mnazivuta, halafu mnazikanyaga tena. Nakuomba simamisha, tutengeneze viti, tumwage kesho."

"Zege likishachanganywa linasubiri kesho?"

Fundi chuma, mzee aliyezifunga zile nondo, alikuwa amechuchumaa pembeni, anasokota waya usio na kazi. Alisema bila kuinua uso. "Mimi viti nilivikunja. Rundo zima. Jana jioni vikapakiwa kwenye gari pamoja na mabaki. Sikuulizwa."

Mkandarasi aliinua chupa. Alikunywa soda.

Rula akampigia simu Mhandisi. Alieleza haraka haraka. Mhandisi akasema, "Mpe simu." Mkandarasi akaipokea, akasogea kando. Alicheka. Akasema ndiyo mzee. Akasema lile la kiwanja cha pili nalo tutaliongea. Akamrudishia simu, imeshakatwa.

"Amesema tuendelee," alisema. "Kwa uangalifu."

Wakaendelea. Fundi mmoja alipewa kulabu, akavuta nondo hapa na pale mbele ya Rula, kama mtu anayemtuliza mtoto. Kila alipovuta upande huu, wenzake walikanyaga upande ule. Rula alisimama pale mpaka zege likasawazishwa kwa ubao na kuwa laini, zuri, linang'aa, na hapakuwa tena na kitu cha kuonyesha kwa mtu yeyote. Wakashuka ghorofa ya tatu kuendelea na nyingine.

Jioni alirudi ghalani na mama akamuuliza roshani imetokaje. Alisema imetoka.

*

Tangu siku ile hakutulia. Akiketi, mguu unacheza. Akila, anaacha tonge nusu njia. Ofisini alizirudia hesabu za roshani kwa namna mpya: akizishusha nondo kidogo, akizishusha zaidi, akiziondoa kabisa. Jibu lilimkera kuliko kama lingekuwa baya moja kwa moja. Roshani tupu ingesimama. Zege lenyewe, kwa ukaidi wake, lingejishikilia ukutani. Mtu na kiti chake pia ingewabeba. Wakijaa watu, ndipo ingekatika pale kwenye ukuta, tena bila kutoa onyo, bila ufa wa kumwambia mtu ondoka.

Mirunda, ile miti iliyokuwa imezibeba roshani kutoka chini, ilipoondolewa, mafundi walikusanyika kumtazama Rula. Hakuna kilichoanguka. Mkandarasi mwenyewe alitoka akasimama kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza, akarukaruka mara mbili, akacheza kidogo na kitambi chake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ilikuwa inachekesha kweli, na hilo lilimuuma Rula.

Mchana mmoja, mafundi walipokwenda kula, alichukua nyundo na tindo akapanda ghorofa ya nne. Alipiga magoti kwenye roshani, pale inapokutana na ukuta, na akaanza kuchonga. Kwenye mchoro wake nondo ilikaa kina cha kidole gumba. Alichonga kina cha kidole gumba, hakuna. Akachonga mpaka vidole viwili, kokoto zikimrukia usoni. Hakuna. Alihamia pembeni kidogo, labda amepishana nayo. Alichonga, akapuliza vumbi, akachonga. Mkono ulikuwa umeshatoka malengelenge tindo ilipolia sauti nyingine, ya chuma kwa chuma, ndani kabisa, karibu na chini.

"Nilijua nitakukuta hapa."

Mhandisi alikuwa amesimama mlangoni, suruali imepigwa pasi, kofia ngumu mkononi. Hakukasirika. Alikuja akachuchumaa kando yake, akaingiza kidole kwenye shimo. Kidole kikazama chote. Alikaa hivyo kwa muda, kidole kikiwa ndani, kama daktari anayesikiliza mapigo.

"Umeona," Rula alisema.

"Nimeona."

"Zote ziko hivi. Niliwaona wakimwaga. Tuziwekee nguzo kwa mbele, kutoka chini mpaka juu. Nimeshazichora, si nguzo kubwa. Mkandarasi akizijenga, kosa limekwisha."

"Nani atamlipia?"

"Si kosa lake?"

Mhandisi akatoa kidole, akakifuta kwa leso, polepole. "Nikimwandikia kwamba roshani zote ni mbovu, atauliza nani alikuwa msimamizi. Msimamizi ni mimi. Nikisema nilimwambia aendelee, nimekwisha. Nikisema sikumwambia, atatoa mashahidi mafundi wote wale. Na kiwanja cha pili anapewa yeye, na yeye ndiye anayechagua mhandisi. Ofisi ile ina watu, binti yangu. Wewe ukiwemo."

"Na wanaohamia hapa?"

"Roshani inajibeba. Umepiga hesabu, najua umepiga, nakujua. Inajibeba na inambeba mtu. Tutawaambia wasijazane."

"Tutawaambia kwa sababu gani?"

Mhandisi alikunja leso yake. Alisimama, magoti yakalia. "Maombi yako ya muhuri yako mezani kwangu. Nilikuwa naona mwezi huu sasa umeiva." Akavaa kofia yake. "Lizibe hilo shimo kabla mafundi hawajarudi. Usiache kokoto."

Rula alibaki amepiga magoti. Aliwaza kuliacha wazi. Kisha akasikia sauti za mafundi wakipanda ngazi na vicheko vyao, akaona aibu ya kukutwa pale na tindo, na mikono yake ikachanganya saruji kidogo na mchanga, ikaziba. Ilikuwa mikono yenye ustadi. Palipozibwa hapakuonekana.

*

Hata hivyo alikwenda. Kesho yake aliomba ruhusa ya kumpeleka mama zahanati, akaenda ofisi ya ukaguzi wa majengo. Alipanga foleni kwenye korido yenye benchi moja na watu wengi, akaingia, akamweleza Mkaguzi kila kitu, na kumchorea kwenye karatasi roshani na nondo zilizozikwa. Mkaguzi alikuwa kijana mwenye heshima. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, dada. Hili ni jambo zito. Sasa ili nilisimamishe jengo, nahitaji mhandisi aliyesajiliwa alete taarifa yenye muhuri wake kwamba kuna kasoro."

"Mimi sina muhuri."

"Basi yule mwenye muhuri kwenye jengo hilo."

"Ndiye aliyesema tuendelee."

"Ndiyo, lakini mimi siwezi kumshtaki mhandisi kwa maneno ya mtu ambaye..." Alitafuta neno lisilouma. "Wewe kwenye jengo hili ni nani?"

"Ndimi niliyelichora."

Mkaguzi aligeuza kompyuta yake amwonyeshe, si kwa ubaya. Michoro yote ilikuwa pale, mistari yake, maandishi yake yaliyolala kidogo upande, na chini kila mahali jina la Mhandisi.

"Njooni basi mpime wenyewe. Kuna mashine ya kusikiliza nondo ndani ya zege, mnayo."

"Tunayo. Imeharibika," alisema. "Tumeiombea vipuri."

Kabla jua halijatua Mhandisi alikuwa ameshapata habari. Hakumfokea. Alimwambia tu kwamba kwa sasa abaki ofisini, asikanyage tena kwenye ujenzi, na lile la muhuri walipe muda. Kwa Mkandarasi habari ilifika pia, na Mkandarasi alijua pa kuipeleka. Siku mbili hazikupita, kwenye bomba la maji nje ya ghala ikawa inasemwa kwamba makabidhiano yanaweza kuahirishwa hadi baada ya masika, kwa sababu kuna mtu, mmoja wao, amekwenda kuchongea jengo.

Wanawake waliokuwa wakimwekea Rula nafasi kwenye foleni ya maji wakaacha. Mzee mmoja, ambaye hupigana na kamba za mashuka kila akisimama kwa urefu wake, alimsubiri mlangoni. "Mwanangu, wewe unalala hapa hapa na sisi. Umekuwaje?" Hakungoja jibu. Akaingia nyuma ya shuka lake.

Mama alisubiri mpaka walipobaki wawili, au wawili na masikio ya majirani. Alisema kwa sauti ya chini.

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Roshani zina hatari, mama."

"Nyumba nzima au roshani?"

"Roshani tu. Nyumba ni nzima. Nguzo nilizisimamia mwenyewe."

"Basi tutakaa ndani." Alisema kwa wepesi, kama mtu aliyepata jibu la fumbo. "Hapa tuna roshani? Hatuna. Tumekufa? Tutafunga ule mlango, tuweke kabati."

"Watu hawatafunga, mama. Wataanika nguo. Watoto watacheza. Siku ya msiba au ya harusi watajaa."

"Rula." Mama akamshika kiganja, akaona malengelenge yaliyopasuka, akayafunika kwa mkono wake. "Masika ya mwaka jana nilidhani sitoki. Wewe ulikuwa unanipepea na kifuniko cha sufuria, unadhani sikukuona ukilia? Mimi masika mengine hapa siyawezi. Sikwambii ili nikuonee. Nakwambia ujue. Waache watupe hizo nyumba. Ukishapata muhuri wako ndipo uwashtaki, watakusikiliza."

Akakohoa. Kikohozi kilikuwa kirefu, na nyuma ya mashuka watu wote walikuwa wamenyamaza wakikisikiliza kikimtetea.

"Niahidi hutakanyaga kule nje," Rula alisema mwishowe. "Hata siku moja."

"Nakuahidi. Mpaka wewe mwenyewe useme."

Rula alimeza maneno yake yote siku ile. Alichukia jinsi yalivyoshuka kwa urahisi.

*

Walihamia kabla ya mvua. Siku chache baadaye, mgeni rasmi akaja kufungua jengo.

Mapema asubuhi Rula alikuwa ameshazunguka milango ya jirani zake akiwaambia wasitoke nje kwa wingi, na walimwitikia vizuri, kama unavyomwitikia mtu mwenye wasiwasi wake, kisha wakafunga. Hawakuwa na kinyongo naye tena. Walikuwa na mabomba ndani ya nyumba. Usiku wa kuamkia siku hiyo mama alikuwa amelala ubavu kwa mara ya kwanza, na Rula alikaa kitandani kwake akiisikiliza pumzi ile isiyo na filimbi, akawa hajui afurahi vipi.

Chini, mbele ya jengo, viti vilikuwa vimepangwa chini ya turubai. Roshani ya ghorofa ya kwanza, juu ya lango, ilikuwa imetandikwa zulia jekundu na kuvishwa mapambo, na kipaza sauti kilikuwa kimesimamishwa pale. Mpango ulikuwa mgeni rasmi akate utepe, apande, awapungie watu na kuhutubia kutoka juu, na wakubwa wenzake wakiwa kando yake. Kumi au zaidi. Rula alizihesabu suti zile zikishuka kwenye magari.

Alimwona Mhandisi akimwendea mshereheshaji, kijana mwenye sauti kubwa na viatu vya kuchongoka. Rula akajisogeza.

"Pale juu jua litampiga usoni," Mhandisi alikuwa anasema, mkono begani kwa kijana, kirafiki. "Na picha hazitatoka. Mleteeni meza huku, uwanjani, mbali na ukuta. Jengo zima lionekane nyuma yake."

"Lakini mzee, tumeshatandika..."

"Zulia linatanduliwa. Nakwambia kama mtaalamu. Asipande."

Wakalitandua. Meza ikaletwa uwanjani, mbali, mbali kabisa na ukuta, na kipaza sauti kikashushwa. Mhandisi aligeuka, akakutana na macho ya Rula. Hakuinamisha uso. Alimtazama hivi hivi, kama mtu anayemtazama mwanafunzi wake aliyeelewa somo, kisha akaenda kuketi kwenye kiti chake, safu ya mbele, karibu na Mkandarasi.

Utepe ulikatwa. Mgeni rasmi alisema kwamba serikali inapoahidi hutimiza. Alisema waliobomolewa leo wanaishi juu kuliko waliowabomolea, na watu wakacheka kwa sababu ndilo lililotakiwa. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti.

"Wenye nyumba wenyewe mko wapi? Mbona mgeni wetu haoni mtu? Akina mama, akina baba, watoto, tokeni kwenye roshani zenu mshukuru. Ghorofa zote. Nataka nizione zimejaa."

Walianza kutoka. Ghorofa ya pili ilitangulia, familia nzima na bibi wamemletea kiti. Ya kwanza ikafuata. Watoto wakajipenyeza mbele, wakashika vyuma vya ukingo. Rula alikwenda mbio kwa mshereheshaji. Mlinzi akamkinga kwa kifua, akamwambia dada tulia, kila mtu atapata picha. Alimtafuta Mhandisi, akamwona. Alikuwa anapiga makofi.

Akainua macho ghorofa ya nne. Mlango ulikuwa wazi, na mama alikuwa amesimama kizingitini, ndani, katika gauni lake la kutokea. Hakuwa amekanyaga nje. Alikuwa akiwatazama jirani zake kulia na kushoto wakipiga vigelegele, akirefusha shingo kuutazama uwanja, akimtafuta mwanawe katikati ya vichwa vile.

Rula alitoka kwenye viti, akasimama mahali pa wazi ambapo mama angeweza kumwona. Kelele zilikuwa nyingi, sauti yake haikufika hata safu ya pili. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, viganja mbele, akasukuma hewa. Rudi. Akasukuma tena, kwa nguvu, mikono mizima. Rudi ndani. Rudini wote.

Mama akamwona. Rula aliona wazi jinsi uso ule ulivyofunguka. Mama akajionyesha kwa kidole, mimi?, na Rula akazidi kupunga, ndiyo, wewe, rudi. Mama akatazama chini, maana sasa mwanawe mwenyewe amesema, akauinua mguu mmoja, akauweka nje ya kizingiti. Kisha wa pili. Akasimama kwenye roshani, akavuta pumzi iliyojaa kifua. Aligeuka kuita mlangoni, na jirani wa ghalani waliokuwa wameingia kwake wakaanza kutoka nyuma yake, mmoja, mwingine, na mwenye mtoto mgongoni, naye akiwaonyesha kwa mkono: yule pale, binti yangu, ndiye aliyelichora. Wote wakaegemea vyuma ili wamwone vizuri, wakampungia.

Mpiga picha wa gazeti, aliyekuwa amechoka na suti, aligeuza kamera yake. Alichuchumaa mbele ya Rula, akapata jengo lote nyuma ya mikono yake iliyoinuliwa, na roshani zilizojaa watu mpaka juu.

"Hivyo hivyo, dada," alisema. "Usishushe mikono. Wanakuitikia."